Sura ya Saba: Umeme Uliporudi, Mashine Ikagoma

Kompyuta ya mezani isiyowaka huletwa kwa fundi na maneno machache. "Fundi, hii mashini ilishakufa." Fundi anayeijua kazi yake haanzi na bisibisi. Anauliza: "Mama, ilizimika mkiwa mnaitumia, au mliizima wenyewe jioni na asubuhi ikakataa?" Mashine iliyozimika katikati ya kazi, ikatoa mlio au harufu ya kuungua, imepigwa na umeme. Ile iliyozimwa vizuri jioni, umeme ukakatika usiku, kisha asubuhi ikagoma kabisa, kwa kawaida haikupigwa na kitu. Imechoka mahali pamoja, na mahali hapo mara nyingi ni kapasita ndogo ambayo bei yake haifiki bei ya soda.

Hapa Grande Barrière swali hilo lina uzito zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa sababu mashine zinazofika mezani zimelelewa na umeme wa aina mbili. Huu ndio mpaka wa ufukweni, ambapo lami ya Gisenyi inapita kando ya Ziwa Kivu na kuingia Goma. Wachuuzi wa miguu kwa maelfu hutumia Petite Barrière, juu kidogo kutoka ziwani. Huku chini hupita magari, wasafiri na wafanyakazi wa mashirika. Shughuli ya mpaka ni karatasi, na karatasi siku hizi hutoka kwenye kompyuta. Tangu Rwanda ilipoanza kutumia dirisha moja la kielektroniki la forodha mwaka 2012, wakala wa forodha ambaye mashine yake haiwaki hana namna ya kuutoa mzigo wa mteja. Mara nyingi mashine hiyo ina umri wa miaka kumi au kumi na tano, imetumika Ulaya au Marekani kabla ya kufika huku, na mwenyewe hana mpango wa kununua mpya.

Upande wa Rwanda umeme hutoka kwenye gridi ya taifa, volti 230. Sehemu yake inatoka ziwani humu humu: gesi ya methani iliyoyeyuka katika kina cha Kivu ilianza kuvunwa Rubona mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia cha hapa Gisenyi, na leo mtambo wa KivuWatt kule Karongi unazalisha megawati 26 kwa gesi hiyo hiyo. Upande wa Goma kuna laini ya SNEL, shirika la umeme la Kongo, inayotoka mabwawa ya Ruzizi, ng'ambo ya Bukavu, na kuna mtambo wa Matebe wa megawati 13.6 huko Rutshuru, uliozinduliwa Desemba 2015 chini ya Hifadhi ya Virunga. Nyaya za kutoka Rutshuru zinapita katika maeneo ambayo vita vimepita mara kwa mara. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, jiji lilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Kila umeme unapokatika, jenereta huwashwa. Kila unaporudi, unarudi kwa kishindo.

Ninaloliamini baada ya kufungua makasha mengi ni kwamba umri hauui kompyuta nyingi za hapa. Zinauawa na umeme, vumbi na unyevu, na vyote vitatu huacha alama zinazosomeka. Kwa hiyo fuata njia ya umeme kutoka ukutani hadi kwenye diski, hatua moja baada ya nyingine, na usinunue kipuri hata kimoja kabla kipimo hakijakwambia kipi kimekufa. Nimeona watu maskini wakiuziwa ramu mpya, kisha diski mpya, kisha pawa saplai, kwa kubahatisha tu, na kosa lenyewe likiwa kwenye waya wa ukutani. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu sura hii imekuwa ndefu.

Anza ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Badilisha waya wa umeme wa kompyuta kwa mwingine unaojua ni mzima. Tazama swichi ndogo nyuma ya kasha, kwenye pawa saplai; ufagio ukiigusa huzimika, na mwenye ofisi hajui kwamba ipo. Karibu na swichi hiyo, kwenye mashine nyingi za zamani, hasa zilizotoka Marekani, utakuta swichi nyekundu ya kuteleza yenye namba 115 na 230. Isome kabla ya kuchomeka chochote. Ikiwa kwenye 115 na ukutani kuna volti 230, pawa saplai huuzidisha umeme mara mbili kama ilivyoundwa kufanya huko Marekani, na kapasita zake mbili kubwa, zilizotengenezwa kwa volti 200 kila moja, hubebeshwa zaidi ya 300. Mlipuko wake husikika nje ya duka. Mara nyingi mazabodi hupona, kwa sababu fyuzi na kapasita hufa kwanza, na kazi inabaki kubadilisha pawa saplai peke yake. Mkipata shehena ya mashine za Marekani, funikeni swichi hiyo kwa gundi ya karatasi ikiwa imekaa 230, kabla mashine haijatoka mlangoni.

Kuna pia jambo la waya wa ardhi. Wateja wengi husema kasha "linawauma vidole". Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazopeleka uchafu wa umeme kwenye waya wa ardhi. Soketi ikiwa haina ardhi, au mtu ametumia ekstensheni ya nyaya mbili, uchafu huo unabaki kwenye chuma cha kasha na kukutekenya. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini hupitia pia nyaya za printa na skrini na kuzichosha. Goma tatizo hili ni gumu kuliko Gisenyi, kwa sababu mji umejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 17, 2002 ilipita katikati ya jiji, na chini yake kuna lava za zamani zaidi. Kupigilia fimbo ya shaba kwenye mwamba kavu wa aina hiyo ni kazi, na hata ikiingia, mwamba haupitishi umeme vizuri kama udongo wenye maji. Fundi wa kompyuta hawezi kulitibu hilo, lakini lazima alijue, maana mashine aliyoitengeneza itarudi kwenye nyumba ile ile.

Ukishaamini ukuta, nenda kwenye pawa saplai. Fungua ubavu wa kasha, chomeka waya, usibonyeze kitu. Kwenye mazabodi nyingi kuna taa ndogo, ya kijani au ya rangi ya chungwa, inayowaka muda wote umeme unapokuwapo. Inawashwa na umeme wa kusubiri: volti 5 zinazopita kwenye waya wa zambarau hata mashine ikiwa imezimwa. Pima waya huo kwa mita, ncha nyeusi ikiwa kwenye waya mweusi. Ukikosa volti 5 hapo, kitufe cha kuwashia hakina la kufanya, maana chenyewe kinategemea umeme huo kutoa amri.

Hapa ndipo ilipo siri ya mashine iliyogoma asubuhi. Saketi ya umeme wa kusubiri haipumziki. Mwenye ofisi anapozima kompyuta Ijumaa jioni, saketi hiyo inaendelea kufanya kazi Jumamosi na Jumapili, mwaka baada ya mwaka, katika kona yenye joto kuliko zote ndani ya kasha. Ndani yake kuna kapasita ndogo yenye kimiminika. Watengenezaji huipa uhai wa saa elfu kadhaa kwenye nyuzi 85 au 105, na kila joto likishuka nyuzi 10 uhai huo huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo maana hudumu miaka. Lakini hukauka polepole, na ikiwa imeshakauka bado inaweza kuendeleza kazi iliyokwisha kuanza. Inachoshindwa ni kuanza upya, hasa ikiwa baridi. Mashine kama hiyo hufanya kazi miezi bila mtu kujua kwamba ni mgonjwa, mradi umeme usikatike. Siku umeme unapokatika usiku kucha, asubuhi saketi haina nguvu ya kujiinua. Mwenye mashine anaapa kwamba umeme uliporudi uliipiga. Haukuipiga. Ulipokosekana ndipo ugonjwa ulipojionyesha.

Jaribio la pili ni la waya wa kijani. Chomoa pawa saplai kwenye vifaa vyote, kisha kwenye plagi kubwa ya mazabodi, yenye matundu 20 kwenye mashine za zamani sana na 24 kwenye zilizofuata, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, pima: manjano iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, na ya rangi ya chungwa karibu na 3.3. Rangi hizi ni za mpango uliowekwa na Intel mwaka 1995, na zimesaidia mafundi wa dunia nzima. Lakini tahadhari: baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina plagi ya umbo lile lile na nyaya zilizopangwa tofauti. Ukizipachikia pawa saplai ya kawaida unaua mazabodi nzima kwa sekunde moja. Linganisha rangi tundu kwa tundu kabla ya kuchomeka.

Pawa saplai yenyewe usiifungue kama hujafundishwa. Kapasita kubwa za ndani hubeba volti zipatazo 325, na zinaweza kuzishikilia hata baada ya waya kuchomolewa. Mwanafunzi wa ufundi asiruhusiwe kuigusa peke yake. Katika maduka yetu mara nyingi kuna kasha la kuchinja, mashine iliyokwisha kufa ambayo vipuri vyake hupachikwa kwenye nyingine, na pawa saplai yake iliyopimwa vizuri ni bora kuliko mpya ya bei rahisi yenye uzito wa karatasi. Uzito ni ushahidi. Pawa saplai nzuri ina koili na vipoza joto vya kutosha, na mkono unaujua uzito huo.

Ikiwa umeme wote upo na mashine bado haionyeshi uhai, au inazungusha feni sekunde moja na kuzima, tazama mazabodi kwa macho kabla ya kuigusa kwa mita. Leta tochi. Kuzunguka tundu la prosesa zimesimama kapasita kama mitungi midogo, juu yake pana mstari wa msalaba. Juu pakiwa bapa, ni nzuri. Pakiwa pamevimba, au pametoa ute wa kahawia uliokauka, umemkamata mwizi. Kompyuta zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zina ugonjwa huu kwa wingi, kwa sababu katika miaka hiyo soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu. Haukuwa ugonjwa wa viwanda vidogo peke yake: mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kubadilisha mazabodi za aina moja ya kompyuta zake za ofisini. Ofisi za Ulaya zilipozitupa mashine za kizazi hicho, nyingi zilipakiwa kontena na kuja Afrika. Tuliupokea ugonjwa pamoja na mashine.

Dawa yake ipo na haigharimu sana: chuma cha kulehemu, lehemu, na kapasita zenye mikrofaradi zile zile na volti zile zile au zaidi. Zisiwe za kawaida za redio, ziwe za aina inayovumilia mkondo wa kasi, vinginevyo zitavimba tena baada ya miezi michache. Piga picha ya bodi kwa simu kabla ya kutoa hata moja. Kwenye kapasita ya alumini mstari huonyesha upande wa hasi, lakini alama zilizochorwa kwenye bodi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na ukiigeuza hulipuka usoni. Angalia pia umri wa bodi. Kuanzia Julai 1, 2006 Ulaya ilipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya kielektroniki. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, na ile isiyo na risasi hungoja hadi 217 hivi, kwa hiyo chuma kilichotosha bodi ya 2003 kitakwama kwenye bodi ya 2008 na kung'oa njia za shaba. Na anayelehemu kwa risasi anawe mikono kabla ya kula.

Pembeni mwa mitungi hiyo utaona vitofali vidogo vya manjano au vyeusi vyenye mstari upande mmoja. Hizo ni kapasita za tantalamu, na mstari wake ni wa chanya, kinyume kabisa na za alumini. Zikifa hazivimbi, huunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na bodi nzima inakataa kuwaka, au kitofali kinawaka moto. Ukiitafuta kwa mita ukakuta ina ukinzani karibu na sifuri, itoe na ujaribu tena. Mimi kila ninaposhika kimojawapo nakumbuka Rubaya, kule Masisi, mwendo wa saa chache kutoka kwenye mpaka huu, ambako vijana wanachimba koltani kwa sururu na mikono. Koltani ndiyo mama wa tantalamu. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafla duniani na milima ya Kivu ikajaa wachimbaji, na vikundi vyenye silaha vikaja nyuma yao. Bati la kulehemu nalo hutoka kwenye kasiteriti, inayochimbwa katika milima hiyo hiyo. Siwezi kujua kitofali kilicho mbele yangu kilitoka wapi, lakini watu wa Kivu wamelipa bei kubwa sana kwa ajili ya vitu vya aina hii, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kutotupa bodi ambayo kapasita moja ingeiokoa.

Basi tuseme feni zinazunguka, taa zinawaka, na skrini ni nyeusi. Hapa watu wengi hukata tamaa, na kumbe ndipo penye matengenezo rahisi. Chomoa kila kitu kisichohitajika: diski, kadi za ziada, printa, hata kibodi. Baki na mazabodi, prosesa, feni yake, kijiti kimoja cha ramu na spika ndogo ya kasha. Hakikisha plagi ndogo ya volti 12 iliyo karibu na prosesa imechomekwa. Aliyetangulia kuifungua mashine mara nyingi huisahau. Kisha ondoa hata kile kijiti kimoja na uwashe. Mazabodi yenye afya, ikikosa ramu, italalamika kwa milio mirefu. Ikilia, umepata habari njema: prosesa inafikiri, bayosi inasoma, umeme unatosha, na ugonjwa uko kwenye ramu au kwenye tundu lake. Ikinyamaza, rudi kwenye kapasita, umeme na prosesa. Kwenye bayosi za Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huelekeza kwenye kadi ya picha.

Ramu yenyewe husafishwa kwa kifutio cha penseli. Futa taratibu meno ya dhahabu pande zote mbili, pangusa mabaki kwa brashi laini, puliza tundu, irudishe hadi vishikio vyote viwili vilie. Inaonekana kama mchezo wa watoto na inafanya kazi kwa sababu za kweli. Meno hayo yana ngozi nyembamba mno ya dhahabu, na chini yake kuna metali zinazoliwa na hewa. Nasi hewa yetu ina mambo mawili. Ziwa linaleta unyevu kila usiku, na volkano inaleta salfa. Nyiragongo ni miongoni mwa volkano zinazotoa gesi ya salfa kwa wingi, na salfa ikikutana na unyevu hula shaba na fedha hadi zikageuka nyeusi. Ongeza vumbi jeusi la mawe ya lava linaloinuliwa na magari ya Goma. Vumbi kavu huziba feni na kuipasha joto prosesa. Likilowa hupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Kwa hiyo kusafisha si urembo. Ondoa vumbi kwa brashi ya rangi na upepo, ukiishika feni kwa kidole isizunguke, kisha toa kipoza joto cha prosesa, futa pesti iliyokauka kuwa unga, na upake mpya kiasi cha punje ya mchele.

Unyevu una sura mbaya zaidi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mvua iliua watu zaidi ya 130 katika Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na mto Sebeya ulifurika na kuingia nyumba na maduka ya hapa wilayani Rubavu. Mashine iliyozama kwenye maji ya matope haijafa kwa sababu ya kulowa. Huuawa na yule anayeichomeka kesho yake kuona kama inawaka. Toa betri ya mazabodi haraka, maana hiyo peke yake inatosha kuendesha mkondo kwenye maji na kula shaba. Fungua kila kitu. Osha mazabodi na kadi kwa maji safi na brashi mpaka tope liishe chini ya matundu yote, kisha osha tena kwa spiriti kali yenye maji kidogo, na uache vikauke siku kadhaa mahali penye upepo, si juani wala juu ya jiko. Pawa saplai iliyolowa usiihangaikie. Diski iliyozama usiiwashe hata kwa majaribio: ina tundu dogo la kupumulia, na tope likiingia, kichwa cha kusomea kitakwangua kila kilichoandikwa. Kama ndani mna hesabu za biashara au picha za marehemu, mwambie mwenyewe ukweli kwamba hiyo ni kazi ya mtaalamu wa diski, na kila utakapoijaribu unampunguzia nafasi.

Kuhusu diski za mashine zisizolowa nitasema kifupi. Picha ikitokea, nembo ikaja, kisha maandishi meupe kwamba hakuna diski ya kuwashia, kwanza badilisha waya wake wa data, maana vishikio vyake hulegea. Kisha ingia kwenye bayosi na uangalie kama diski inaonekana na kama mpangilio wa kuwashia haujavurugika. Diski ikitoa mlio wa kugonga, izime. Isipogonga, washa mashine kwa flashi yenye Linux, nakili mafaili ya mwenyewe kwenye diski nyingine, na hapo tu ndipo uguse mfumo. Fundi anayefuta diski ya mtu bila kumuuliza ameharibu kitu ambacho hana uwezo wa kukilipa.

Mpangilio wa bayosi huvurugika kwa sababu ya betri bapa ya CR2032, ya volti 3. Ikishuka chini ya volti 2.7 hivi, saa ya mashine hurudi kwenye mwaka wa kiwandani. Mteja huona maandishi ya kubonyeza F1, anabonyeza kila asubuhi, na haoni shida. Shida inakuja anapofungua tovuti. Kivinjari kikiamini kwamba leo ni mwaka 2002, vyeti vyote vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, na benki, forodha na barua pepe vyote vinakataa. Mtu analalamikia intaneti siku nzima kwa sababu ya betri ya saa.

Mashine ikishawaka lazima kuamua itaendeshwa na nini. Windows 7 iliacha kupewa masahihisho ya usalama Januari 14, 2020, na kwa watumiaji wa kawaida Windows 10 ilifikia ukomo wake Oktoba 14, 2025. Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotangulia mwaka 2017 hivi. Kwa mashine yenye ramu ya gigabaiti 4, mimi huweka Linux nyepesi na diski isiyozunguka ya bei nafuu, na kazi ya kivinjari, barua na hesabu inakwenda vizuri. Lakini programu ya kazi ya mteja ijaribiwe kwanza mbele yake, akiwa amekaa, siyo baada ya kwenda nayo nyumbani. Mpaka huu umefungwa na kubanwa mara nyingi, tangu korona ya Machi 2020 hadi saa zilizopunguzwa mwaka 2022, na mteja wa ng'ambo hawezi kila siku kurudi kwa ajili ya jambo ambalo lingeonekana kwa nusu saa.

Kinachobaki ni kumwonyesha mteja namna ya kuichomeka mashine. Umeme ukikatika, achomoe mashine ukutani, asizime tu kitufe. Ukirudi, asubiri dakika tano mpaka taa ziache kupandapanda ndipo achomeke. Akiwa na jenereta, aiwashe kwanza, iimarike, kisha aongeze kompyuta, na asiizime jenereta kompyuta ikiwa bado imechomekwa. Stabilaiza husaidia umeme unapokuwa mdogo au unapopanda polepole. Haizuii umeme kukatika. Kifaa chenye betri cha kuhifadhi umeme humpa dakika za kufunga kazi, mradi asichomeke humo printa ya leza, ambayo hunyonya mkondo mkubwa kila inapopasha joto na kukiua. Betri yake ya risasi hudumu miaka mitatu hivi katika ofisi ya kawaida. Ikikatisha umeme ndani ya dakika moja, abadilishe betri peke yake, na ile ya zamani isitupwe ziwani wala jalalani. Rwanda ina kiwanda cha taka za kielektroniki kule Bugesera.